Omeri, Eluli au daftari la nukta: njia tatu za kuihesabu nafsi

Mwaka 1808 kilitoka kitabu kidogo cha Kiebrania kiitwacho Heshbon ha-Nefesh. Mswahili hahitaji mkalimani kulisoma jalada lake: heshbon ni hesabu, nefesh ni nafsi. Kiebrania na Kiarabu ni ndugu, na Kiarabu kimetuachia urithi mkubwa, ndiyo maana maneno ambayo wengine wanayatafuta kwenye kamusi sisi tunayakuta yamekwisha kukaa mdomoni. Hata Kabala yenyewe, yaani elimu ya mafumbo ya dini ya Kiyahudi: mzizi wake ndio ule ule wa kukubali na wa kibla, na maana yake ni kupokea, yaani mafundisho yaliyopokewa.

Nimeanza na maneno kwa sababu mtu akiulizia Kabala huonyeshwa kwanza mchoro, ule mti wa duara kumi zilizounganishwa kwa mistari. Anautazama, unamchosha, anaachana nao. Na swali lake lilikuwa jepesi tu: nikitaka kuufuata mwaka wa Kiyahudi ili nijirekebishe tabia, nianzie wapi? Njia ni nyingi. Mimi nitalinganisha tatu: kuhesabu Omeri, zile siku 49 zinazoanzia Pasaka ya Kiyahudi, kazi ya kuomba radhi ya mwezi wa Eluli, na daftari la hicho Heshbon ha-Nefesh. Hilo la tatu si Kabala, na mwandishi wake asingefurahi kuketishwa meza moja na wanakabala, lakini ndilo mshindani wao wa kweli.

Msimamo wangu nautoa mapema, asiye na muda aishie hapa. Kama hujui kinachokusumbua, hesabu Omeri. Kama unakijua, na umekijua miaka kumi, chukua daftari. Kama kinachokusumbua kina jina la mtu na namba ya simu, kazi yako ni ya Eluli, na si lazima uusubiri mwezi wenyewe.

Ule mti, kwa ufupi

Zile duara kumi huitwa sefiroti. Ni njia ambazo kwazo Mungu, ambaye wanakabala humwita Asiye na Mwisho, hujidhihirisha. Tatu za juu ni za akili, tuziache huko huko juu. Saba za chini ndizo zinazoingia kwenye kalenda: Hesedi, ukarimu unaomwagika bila kupimwa, Gevura, nguvu ya kujizuia na kuhukumu, Tifereti, huruma inayowapatanisha hao wawili, Netsahi, ustahimilivu, Hodi, kukiri na kushukuru, Yesodi, msingi, uwezo wa kufungamana na mwenzako, na Malkuti, ufalme, ambapo yote hayo hatimaye yanakuwa tendo.

(Hodi hiyo haina undugu na hodi yetu ya mlangoni, ni kugongana kwa sauti tu. Lakini sijapata njia bora ya kuikumbuka: anayepiga hodi anakiri kwamba nyumba ina mwenyewe, na kwamba mwenyewe si yeye.)

Zohari, kitabu kikuu cha Kabala, kilijitokeza Hispania mwishoni mwa karne ya 13. Aliyezishusha sefiroti mpaka kwenye mwenendo wa kila siku ni Moshe Cordovero wa mji wa Safed, Galilaya, aliyefariki mwaka 1570. Kitabu chake chembamba, Tomer Devorah, kina hoja moja: ikiwa mtu ameumbwa kwa mfano wa Mungu, basi afanane naye kwa matendo, umbo peke yake halitoshi. Kwa hiyo masikio yasigeukie masengenyo, pua isitoe pumzi ya hasira, uso uwapokee watu kwa nuru. Mwaka ule ule aliofariki ndipo Isaac Luria alipofika Safed kutoka Misri. Aliishi hapo miaka miwili tu, akafa mwaka 1572, na bado sehemu kubwa ya Kabala iliyofuata inapita mikononi mwake.

Omeri: siku 49 za kujitazama

Torati, katika Walawi 23, inaagiza kuhesabu majuma saba kamili tangu siku ulipoletwa mganda wa kwanza wa mavuno, ndio huo omeri, na mavuno ya wakati huo ni shayiri. Ni siku 49, kuanzia usiku wa pili wa Pasaka hadi Shavuoti, Sikukuu ya Majuma. Asili yake ni hesabu ya wakulima. Wanakabala waliiona saba mara saba, wakaziweka sefiroti saba ndani ya sefiroti saba: kila juma lina sefira yake, na kila siku ndani ya juma ina yake. Usiku wa kwanza ni Hesedi ndani ya Hesedi. Ule wa 33, Lag ba-Omer, ambapo mioto huwashwa na umati hupanda Meron, mlima wa Galilaya, kwenye kaburi la Rabi Shimon bar Yochai, ambaye mapokeo humhesabu mwandishi wa Zohari, ni Hodi ndani ya Hodi.

Hesabu husemwa usiku, ikitanguliwa na baraka, yaani sala fupi ya kumsifu Mungu, maana siku ya Kiyahudi huanza jua likizama. Hapa napo Mswahili yuko kwao. Bibi yangu alipotaja usiku wa Ijumaa alimaanisha ule unaokuja baada ya Alhamisi mchana, usiku kwanza, mchana baadaye.

Nitoe mfano, maana bila mfano haya ni majina tu. Mdogo wako anapiga simu: ada ya mtoto imepungua, na hii ni mara ya tatu mwaka huu. Siku ya pili ya Omeri ni Gevura ndani ya Hesedi. Unatoa, lakini utoaji una ukuta: unalipa mwenyewe shuleni, kiasi ulichokipanga, wala huendi kukopa ili uonekane kaka mkubwa. Siku ya nane mambo yanageuka, ni Hesedi ndani ya Gevura. Jibu ni hapana. Ila hapana hiyo unaipeleka kwa sauti yako badala ya kuzima simu, unamweleza hali yako, unakaa naye hewani mpaka aibu yake ipoe. Viungo ni vile vile viwili. Kinachotofautiana ni kipi kilitangulia chunguni. Mtu mmoja atakuta ya pili rahisi na ya nane inamtoa jasho, mwingine kinyume chake, na tofauti hiyo ndiyo habari uliyokuwa ukiitafuta.

Huo ndio uzuri wa Omeri: inapima. Inakupitisha kwenye vyumba vyote vya nyumba, hata vile ambavyo kwa hiari yako usingevifungua. Mimi si Myahudi, nilihesabu kwa daftari tu, bila baraka. Juma la Hesedi nilijaza kurasa. Juma la Gevura niliandika mistari miwili na kisingizio. Sikuhitaji mtu wa kunifasiria.

Kasoro zipo. Ya kwanza ni ukali wa hesabu yenyewe. Ukisahau usiku ukakumbuka mchana wake, unahesabu bila baraka na kesho unaendelea kama kawaida. Ukipitiwa na usiku na mchana wote, unaendelea kuhesabu, lakini baraka, kwa desturi iliyoenea, umeipoteza hadi mwakani. Rafiki yangu mmoja wa Nairobi, Myahudi, aliyekuwa akifanya kazi zamu za usiku, ilimponyoka siku ya 17 namna hiyo. Siku ya 17 ni Tifereti ndani ya Tifereti, huruma ndani ya huruma, na yeye alitumia juma zima kujilaumu. Nilimwambia kichekesho hicho kimeandikwa na Mungu mwenyewe. Hakucheka.

Ya pili ni mwendo. Siku saba kwa kila tabia zinatosha kuigundua, hazitoshi kuibadilisha. Jumapili ulikuwa kwenye ustahimilivu, kabla hujaushika unaambiwa hamia kwenye shukrani. Na kuna siku, niseme ukweli, ambazo majina yanakuwa moshi mtupu. Siku ya 40 ni Yesodi… hapana, ni Hodi ndani ya Yesodi, ona nami nimechanganya.

Ya tatu wauzaji wa Kabala ya kisasa hawaitaji sana. Watu wa Luria hawakuhesabu ili wawe watu wa kupendeza zaidi. Katika vitabu vingi vya sala, baada ya hesabu kuna ombi kwamba kwa stahili yake kirekebishwe kile mtu alichoharibu katika sefira ya siku hiyo. Marekebisho yanapanda, yanagusa ulimwengu wa juu. Kuzisoma sefiroti kama mihemko ya moyo kulitiliwa nguvu sana na Wahasidi, vuguvugu la uchaji la Wayahudi wa Ulaya ya Mashariki, kuanzia karne ya 18. Ukichukua upande wa tabia peke yake hujaiba kitu, ila ujue umebeba nusu ya mzigo.

Daftari la nukta

Menachem Mendel Lefin wa Satanov, mji ulio Ukraine ya leo, hakuwapenda Wahasidi wala mafumbo yao. Alikuwa mtu wa elimu mpya, na utaratibu wa Heshbon ha-Nefesh aliutoa mbali kabisa na Safed: kwa Benjamin Franklin, yule Mmarekani mchapishaji na mwanadiplomasia, aliyesimulia katika habari za maisha yake jinsi alivyojipigia jedwali la fadhila 13.

Mpango ni huu. Unachora ukurasa wenye safu saba za siku na mistari 13 ya tabia: utulivu wa nafsi, subira, utaratibu, usafi, unyenyekevu, haki, kubana matumizi, kunyamaza, ukweli na nyingine. Kila juma unaipa tabia moja uangalizi wa pekee. Kila usiku unatia nukta pale ulipoteleza. Majuma 13 yakiisha unaanza upya, mara nne kwa mwaka. Baadaye Rabi Israel Salanter, mwanzilishi wa Musari, vuguvugu la kurekebisha tabia huko Lithuania, alikipenda kitabu hicho akahimiza kichapishwe tena, na kwa hiyo mbinu ya Franklin ikaingia kwenye vyuo vya Torati vilivyoshika dini kwelikweli. Historia ina utani wake.

Nililijaza daftari hilo kwa mizunguko miwili. Kwenye mstari wa kunyamaza nukta zangu zilijipanga wima, zote kwenye safu moja, Alhamisi. Ilinichukua majuma matatu kung'amua: Alhamisi jioni ndiyo kikao cha chama. Nilikuwa najiona msemaji hovyo kila siku, kumbe ni saa mbili za juma, mbele ya watu wale wale kumi na wawili, na zaidi wakati mweka hazina akisoma mahesabu. Omeri isingenionyesha hilo hata ningehesabu miaka saba, kwa sababu Omeri inauliza wewe ni mtu wa namna gani, daftari linauliza ilikuwa lini na wapi.

Kwa tabia sugu, basi, daftari linashinda, tena kwa mbali. Lakini ni kazi ya upweke. Hakuna anayehesabu pamoja nawe, hakuna moto wa siku ya 33, hakuna sikukuu inayokusubiri mwisho wa safari. Tena haliujui mwaka wa Kiyahudi. Fanya hesabu: 13 mara nne ni 52, majuma ya mwaka wa jua. Mwaka wa kawaida wa Kiyahudi una siku kama 354, majuma hamsini na ushei. Mwaka mrefu, ule unaoongezwa mwezi wa Adari wa pili ili Pasaka isihame majira yake, una kama 384, karibu majuma 55. Daftari linatambaa pembeni ya kalenda bila kuigusa. Anayetafuta njia ya kuuishi mwaka wenyewe, hapa hataipata.

Na kuna mtego mwingine: ukurasa mweupe. Juma la kwanza bila nukta lilinipa kiburi ambacho hakikuwa na mstari wake kwenye jedwali. Labda kingeingia kwenye unyenyekevu, lakini juma hilo haikuwa zamu yake.

Eluli: mwenye deni anajulikana

Msomaji wa Biblia anaujua Eluli kutoka kwa Nehemia: ukuta wa Yerusalemu ulimalizika tarehe 25 ya mwezi huo. Ni mwezi wa mwisho kabla ya Rosh Hashana, mwaka mpya. Desturi ya wengi ni kupuliza pembe ya kondoo dume asubuhi za siku za kazi, na tangu Eluli kuanza hadi Siku ya Upatanisho, Yom Kipuri, ni siku 40.

Wanakabala wameupamba mwezi huu kwa upole usiotarajiwa. Kwa jina la Luria hufundishwa kwamba herufi za Eluli zimefichwa katika Kutoka 21:13, mstari unaomwahidi aliyeua bila kukusudia mahali pa kukimbilia. Mwezi, basi, ni mji wa makimbilio, uliojengwa kwa siku badala ya mawe. Shneur Zalman wa Liadi, mwasisi wa Chabad, tawi mojawapo la Wahasidi, aliyefariki mwaka 1812, alitoa mfano wa mfalme ambaye kabla hajaingia mjini yuko shambani, na yeyote apendaye anamwendea akiwa na nguo zake za kazi, naye anampokea kwa uso mkunjufu. Akishaingia kasri kuna walinzi na miadi.

Lakini chini ya mapambo hayo kuna mwamba mmoja. Mishna, mkusanyo wa kale wa sheria za Kiyahudi, katika sehemu yake iitwayo Yoma, inasema Siku ya Upatanisho haifuti kosa la mtu kwa mwenzake mpaka amridhishe huyo mwenzake. Sefira haisaidii. Nukta haisaidii. Inabidi uende kwake, na akikataa urudi, hadi mara tatu.

Wapwani tuna desturi inayofanana kabla ya Ramadhani, na simu zimeiharibu: ule ujumbe unaotumwa kwa watu mia mbili kwa mkupuo, "kama nimekukosea kwa kujua au kutojua". Mwaka juzi niliupokea kutoka kwa mtu ambaye alijua vizuri sana alichonikosea, na alijua ninajua. Huo si Eluli. Eluli ni kutaja kosa kwa jina lake mbele ya aliyetendewa, ukiwa hujui atajibu nini.

Kasoro ya Eluli ni hiyo hiyo nguvu yake. Hakuna cha kujifunza, hakuna mchoro wa kutazama, na huwezi kuifanya kazi hii peke yako chumbani. Kwa mtu ambaye ndiyo kwanza anaanza kujichunguza ni mlima, hajui hata aanze kwa nani. Ndiyo maana nasema Omeri kwanza. Ikimalizika Shavuoti, umebakiwa na kama miezi mitatu mpaka Eluli, na majina yatakuwa yamekwisha kujileta yenyewe.

Mambo ya kupima kabla ya kuchagua

Muda: Omeri inataka dakika kumi usiku kwa majuma saba. Daftari linataka dakika tano, bila mwisho. Eluli inaweza kuisha kwa ziara tatu, na hizo tatu ukaziahirisha miaka.

Dini: baraka ya Omeri inamtaja Mungu "aliyetuamuru", na amri hiyo wamepewa Wayahudi. Asiye Myahudi namshauri aiache baraka, ahesabu kama mwanafunzi. Daftari halina mwenyewe. Kuomba radhi kuna wenyewe wengi, karibu watu wote.

Majira nayo si jambo dogo. Omeri ni wakati wa kuvuna katika nchi ilikozaliwa, mvua zikiwa zimekoma. Huku kwetu Pasaka huangukia masika. Abayudaya wa Mbale, Uganda, jamii iliyoanzishwa na Semei Kakungulu mwaka 1919, wanaisoma habari ya mganda wa shayiri wakati mashamba ya jirani yana matope na mbegu ndiyo kwanza zinachipua. Mimi naona hilo linafaa. Tabia inayopandwa ndiyo kwanza ina unyevu.

Na kama siku 49 zinakutisha, ipo Omeri ndogo ambayo wachache huiona. Katika Sikukuu ya Vibanda, kwa mapokeo ya Zohari, wageni saba hukaribishwa kibandani, na kila usiku mmoja wao hutangulia: Ibrahimu ni Hesedi, Isaka Gevura, Yakobo Tifereti, Musa Netsahi, Haruni Hodi, Yusufu Yesodi, Daudi Malkuti. Mpangilio huo hubadilika kidogo kwa desturi za jamii. Sefiroti ni zile zile, ila zimevaa watu unaowajua, na kumuuliza Isaka usiku mmoja kuhusu kujizuia ni kwepesi kuliko kutazama duara. Kwa mwenye mtoto mchanga nyumbani, ningempa hiyo na nisimtajie nyingine.

Mwenye kuchagua Omeri ajue sheria moja ndogo ya kila magharibi. Mtu akikuuliza leo ni siku ya ngapi na wewe hujahesabu bado, usimtajie namba, maana ukiitaja umeshahesabu na baraka imekupita. Mtajie ya jana: "Jana ilikuwa kumi na sita." Rafiki yangu alinijibu hivyo majuma mawili kabla sijajua kwa nini kila nikimuuliza leo ananiambia jana.

Usiku wa kwanza wa Omeri mwaka 2027 unaangukia tarehe 22 Aprili. Ni Alhamisi, nitakuwa natoka kikaoni. Kwa hesabu ya bibi yangu, huo utakuwa usiku wa Ijumaa.